Msumari wa Ovaroli Yangu

Gerejini kwa Baba,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yameacha kugombana na baridi ya huko. Vipi zamu za usiku hospitalini, wamekupunguzia? Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo, lakini ukimwambia apumzike anakuwa mkali kama pilipili.

Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimekwenda, Shangazi! Nimefika mnara wa taa na nimerudi, peke yangu!

Unaijua desturi ya gereji hii kuliko mimi. Fundi hapewi msumari wa kutundika ovaroli yake ukutani mpaka apande pikipiki aliyoifufua mwenyewe, afuate pwani yote hadi mnarani na kurudi, bila mkono wa mtu mwingine kugusa hata nati moja. Kaka zangu wote wana misumari yao. Ovaroli yangu imelala kitini miaka yote kama ya mgeni. Kila nilipoomba, Baba alisema njia ile si ya mwanamke, maneno yaleyale ambayo Babu alikuambia wewe. Safari hii sikuomba, niliaga tu.

Kaka mkubwa, yule tunayemwita Meneja kwa kuwa hapendi kuchafua mikono, alinifuata hadi barabarani. "Ukikwama piga simu, nije na gari." Nikamwambia aisubiri simu hiyo akiwa amekaa, asije akachoka miguu.

Lami iliisha mapema. Baada ya hapo ni mchanga, mawe na bahari, wala hakuna nyumba hata ya kuombea maji ya kunywa. Niliimba mpaka koo likakauka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Basi kichwa kikavimba. Mahali bahari inapoikata njia, nilikuta maji yamejaa, na badala ya kungoja yapwe nikajitosa. Katikati injini ikameza maji, ikazima. Nikaisukuma hadi ng'ambo huku nikijitukana. Likatokea lori la chumvi, dereva akashuka na kamba mkononi. "Dada, tuipakie. Huku hapiti mtu mwingine mpaka kesho."

Nilitamani kulia, Shangazi. Nikikubali, msumari ndio basi tena, na Meneja atanicheka hadi uzeeni. Nikamshukuru, nikakataa. Akaketi kwenye kivuli cha lori lake kunitazama, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. Nikafungua plagi, nikapiga kiki maji yakaruka hadi usoni, nikamwaga kabureta, nikakausha kila kitu kwa kitambaa changu cha kichwa. Nikajaribu kuiwasha: kimya. Nikajaribu tena: kimya. Halafu ikakohoa kama Baba, ikanguruma! "Wewe mwanamke ni kiboko!" dereva akapiga kelele, akanipigia honi hadi nilipopotea machoni pake.

Mnarani nilikaa kwenye ngazi, viatu vimejaa mchanga, nikacheka peke yangu.

Niliporudi, Baba alikuwa mlangoni. Aliizunguka pikipiki, akashikashika nati, akachungulia plagi. Kisha akauliza, "Nani alikusaidia?"

"Hakuna, Baba."

Akamtuma Meneja alete nyundo na misumari miwili. Sote tulidhani ule wa pili ni wa akiba. Wa kwanza akaupigilia kando ya wake, nikatundika ovaroli yangu mbele ya kaka zangu wote. Wa pili akaupigilia juu kidogo. Akasema, "Huu ni wa dada yangu. Aliomba kabla ya huyu, tukamnyima."

Msumari wako uko wazi mpaka leo, na Meneja ameonywa asithubutu kutundika hapo hata kofia.

Nisalimie sana mapacha wako na mume wako. Baba na kaka zangu wote wanakusalimu. Mungu akupe afya, na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Wako akupendaye, na sasa fundi kamili,
Binti wa kaka yako.

Ukija, zawadi acha. Njoo na ovaroli.