Vidole Viwili vya Bi Nandutu

Jumanne, 5 Agosti

Dirisha la dawa tangu saa mbili. Malaria, malaria, kikohozi, presha. Mzee mmoja wa Mafubira kakataa vidonge vyeupe, anataka vya njano kama vya mwezi jana. Dawa ni ile ile. Nimemweleza mara tatu. Kaondoka ananuna.

Saa tano wodi ya wazazi wakaangusha trei ya chuma. Kati yetu ni ukuta mmoja tu. Sikumbuki kutoka. Nilijikuta nyuma ya jengo, kwenye bomba, nanawa mikono. Vidole vilikuwa vimeshakunjamana. Foleni yote dirishani inaningoja.

Mkunga wa miaka kumi na tisa kazini, nakimbia trei. Aibu.

Jioni Safina kapiga simu kutoka Mbale. Mwanangu wa pekee. Mimba yake ya kwanza, ya miezi minane. Anataka niwe naye chumbani siku ikifika. Nikasema tutaona. Anajua "tutaona" yangu maana yake hapana.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike, maana hata humu sijawahi kuandika.

Miaka miwili iliyopita. Kituo kidogo cha afya upande wa Wanyange. Alasiri. Zamu yangu, peke yangu. Jina lake Kagoya. Mtoto alitoka salama, msichana, analia vizuri. Kondo likatoka. Kisha damu.

Nilisugua tumbo. Nilichoma sindano. Nilibana kwa ngumi mpaka bega likafa ganzi. Haikusimama. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama matopeni. Nikatoka mbio kwenda barabarani kulitazama. Niliporudi ameshakufa. Trei ilikuwa chini, vyombo vimetapakaa. Nadhani aliipiga akinyoosha mkono kunitafuta.

Alikufa peke yake. Nilimwacha. Habari yenyewe ndiyo hiyo.

Tangu siku ile sijazalisha mtu. Niliomba uhamisho, nikapewa dirisha la dawa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbale. Safina kanipangia miadi kwa mtaalamu wa majeraha ya akili, bila kuniuliza. Jirani yake alipona hapo baada ya ajali ya boda. Nilikasirika, lakini nilikwenda.

Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la mbegu. Bi Nandutu ni Mgisu, mdogo kwangu kwa umri, ndala miguuni. Kwanza kauliza tuzungumze lugha gani. Kigisu changu ni salamu tu. Luganda yangu ni ya sokoni. Akasema basi Kiswahili, alilelewa nacho Busia kwa shangazi yake. Kisha akatabasamu: kwao zamani, Kiswahili kikisikika mlangoni ni askari, watoto walisukumwa chini ya kitanda. Nikamwambia sisi ni Wanubi wa Jinja, babu yangu alivaa sare ile. Pengine ndiye alikuwa anabisha hodi. Tukatazamana. Kisha tukacheka wote wawili, sijui kwa nini.

Kaeleza kazi yake. Kumbukumbu nyingi husagika zenyewe, kama chakula. Ya hofu kubwa hukwama ikabaki mbichi. Unaishika akilini, macho yako yanafuata vidole vyake kushoto na kulia, na kichwa kinapata nafasi ya kumaliza kazi kiliyoiacha katikati. Si uchawi. Si kulazwa usingizi. Ukitaka asimame, unainua mkono.

Nikamuuliza kama mtu wa afya anavyouliza: macho yanafanyaje hayo? Kajibu kwamba wataalamu bado wanabishana kwa nini. Kwamba inawasaidia wengi, hilo wameliona. Nimempenda kwa jibu hilo. Wanaojua kila kitu siwaamini.

Leo hakuna macho. Maswali tu, na kutafuta mahali pa kutulia kichwani. Nimechagua baraza ya marehemu mama kule Nalufenya, anasuka vikapu, mimi mdogo nampa nyuzi.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo tumeanza.

Viti viwili vimewekwa upande upande, kama watu wanaopishana kichochoroni. Picha gani mbaya kuliko zote? Trei sakafuni. Maneno gani yanakuja nayo? Nilimwacha. Uzito wake, sifuri mpaka kumi? Kumi. Unaisikia wapi mwilini? Kooni. Mikononi.

Vidole viwili, mbele ya uso. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikajiona mjinga. Mama mzima anafuata vidole kama paka.

Kisha harufu ikaja. Damu na dawa ya sakafu. Ilikuja kabisa, puani. Akasimamisha. Pumua. Unaona nini sasa? Harufu. Haya, endelea na hiyo. Vidole tena. Nikalia mpaka kamasi. Mara moja niliinua mkono, akaacha papo hapo. Alingoja.

Mwisho akanirudisha kwenye baraza ya mama. Uzito? Nane.

Jinja mpaka Mbale, kwa ajili ya kupunguza mbili.

Jumatano, 20 Agosti

Wiki mbaya. Bi Nandutu alinionya kwamba kichwa kingeendelea kufanya kazi hata nikiwa mbali. Hakusema kingefanya kazi hivi. Ndoto. Kagoya kwenye foleni ya dawa, karatasi mkononi, hasogei. Jana nimemkaripia mgonjwa wa kisukari bila kosa. Nimemwomba radhi, lakini neno limeshatoka.

Nimempigia Safina, nimemwambia sirudi tena kwa mama yule wa vidole. Nikamwambia pia atafute mkunga mzuri wa Mbale, mimi nisihesabiwe.

Akasema, "Mama, sikuombi uje kunizalisha. Naomba uje uwe mama yangu."

Nilikata simu. Nimefanya vibaya.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimekwenda. Kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Limetokea jambo. Mara ya tano au ya sita ya vidole, niko mlangoni pa chumba kile, nimegeuka kutoka. Na mlangoni yupo mtu. Bibi kizee. Kitambaa kichwani. Mdomo unasema neno. Kwa miaka miwili chumba kile kichwani mwangu kina watu wawili tu, mimi na Kagoya. Leo wako watatu.

Mama mkwe wa Kagoya. Alimleta yeye. Nilimsahauje?

Nikaanza kupiga kelele za furaha, kwamba basi hakuwa peke yake, hakuwa peke yake! Bi Nandutu kanituliza. Kasema maneno haya, nayaandika yalivyo: "Sijui, Sista Halima. Macho hayaleti ushahidi. Kichwa hukumbuka, na kichwa hutunga. Hapa tunatibu jeraha, hatuamui kesi."

Uzito sita. Nimerudi nyumbani na swali badala ya jibu.

Jumatatu, 25 Agosti

Wanyange si mbali. Boda moja tu. Miaka miwili nazunguka kuikwepa njia ile.

Naogopa. Bibi kizee yule akisema alikuwa nje wakati ule? Akisema wewe ndiwe uliyemuua mkwe wangu? Ana haki ya kusema.

Nimempigia Bi Nandutu. Hakuniambia nenda, hakuniambia usiende. Kaniuliza: jibu likiwa baya, utakuwa na nani siku hiyo? Nikasema sina mtu. Akasema una mimi, na una Safina.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekwenda Wanyange.

Nimempata uani anaanika mukene, dagaa wa ziwani, kwenye turubai. Wote wanamwita Jaja, yaani bibi. Amezeeka kuliko nilivyotarajia. Alinitazama kwa muda, mkono juu ya macho kuzuia jua. Nikasema mimi ni mkunga wa siku ile.

Akasema, "Musawo. Mimi natafuta wewe siku mingi."

Musawo, ndivyo wanavyotuita wauguzi huku. Kaniletea mkeka. Kiswahili chake ni cha kuokota, mimi Lusoga yangu ya kuokota, tukaelewana. Nikauliza moja kwa moja, maana ningengoja ningekimbia. Nilipotoka, Kagoya alikuwa na nani?

Akanishangaa. "Na mimi! Wewe natoka sababu mimi natuma wewe. Mimi nasema, kimbia, angalia motoka balabalani. Wewe hapana taka. Mimi nasukuma wewe."

Alinisukuma. Alipolisema, nilisikia viganja vyake mgongoni. Au nimetunga. Haidhuru.

Kisha kanisimulia mengine. Kagoya aliuliza musawo yuko wapi. Akajibiwa musawo anakuja na gari. Akatulia. Jaja akapanda kitandani, akampakata kichwa, akamwimbia. Trei? Ni mguu wake Jaja ulioisukuma wakati anapanda. Kagoya hakunyoosha mkono popote. Alifia kifuani pa mtu, anaamini msaada uko njiani.

Basi sikuwepo. Ni kweli, sikuwepo alipokata roho. Nilidhani nikilisikia hilo nitaanguka. Sikuanguka.

Halafu Jaja akaanza kulia yeye. Kumbe naye ana lake. Asubuhi ile Kagoya alisema tumbo linauma, yeye akamwambia ngoja kwanza tumalize kuanika samaki. "Hiyo ndiyo nakula mimi, musawo. Kila siku nakula mimi."

Nikamshika mikono. Nikamwambia kama mkunga, si kama mtu wa kufariji: mtoto alizaliwa salama, hakuchelewa. Damu ile ilikuja kwa sababu kizazi kiligoma kukaza baada ya mtoto kutoka. Ingekuja hata kama wangefika alfajiri. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu akajifuta uso kwa leso yake, akasema, "Eeh."

Wakati huo wote mtoto wa kike alikuwa anatuzunguka, tumbo wazi, samaki mkononi. Sikuthubutu kuuliza. Jaja mwenyewe akanionyesha kwa kidevu. Ndiye, wa Kagoya.

Ana meno mazuri sana.

Ijumaa, 29 Agosti

Kazini. Nimetoa dawa. Hakuna la kuandika. Alhamdulillahi kwa siku isiyo na la kuandika.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimemwambia Bi Nandutu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogeza kiti. Kazi haijaisha, alisema, kujua ni kitu kimoja, mwili kujua ni kingine.

Vidole. Kushoto, kulia. Chumba kile tena, lakini sasa kama naona kupitia dirisha. Barabara. Matope hadi kwenye vifundo. Najiona nakimbia, kanga imefunguka, napunga mikono kwa gari ambalo halijafika. Nikamhurumia mwanamke yule anayekimbia. Mara ya kwanza nimemhurumia.

Maneno yapi sasa badala ya "nilimwacha"? Yalikuja yenyewe: nilikimbia kumtafutia msaada. Akanifanya niyashike, vidole vikaenda tena. Nilikagua mwili toka utosini mpaka nyayo. Koo liko wazi. Uzito moja.

Nikauliza kwa nini si sifuri. Akasema mtu alikufa, na ulimpenda kama mkunga anavyopenda. Huzuni si ugonjwa. Ile moja ni yako, kaa nayo.

Nimemkumbatia. Ananukia sabuni ya mche. Nimepita kwa Safina nikamwambia nitakuwepo.

Ijumaa, 12 Septemba

Safina kajifungua! Mvulana, saa saba na robo mchana, hapa Mbale.

Nilikuwepo toka mwanzo. Mkunga ni msichana wa Kiteso, mikono yake ina akili. Sikumfundisha kazi. Mara mbili ulimi ulitaka, nikaung'ata. Nilikaa upande wa kichwa, nikamshika mwanangu, nikamfuta jasho. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Nilicheka.

Kisha damu ikaja, ya kawaida, lakini ni damu. Nikaitazama. Nikasikia miguu inataka mlango. Nikavuta pumzi nilivyofundishwa, nikageuza macho taratibu, pembe hii ya chumba, pembe ile, nikamrudia Safina. Mkunga akasugua tumbo. Damu ikapungua. Ikakata. Ilikuwa damu tu, ya siku hii, ya mwanangu, na imekwisha.

Safina kauliza, "Mama, upo?"

"Nipo."

Sijui kama kuna neno nimewahi kulisema likiwa kweli kiasi hicho. Ee Mola, nakushukuru. Nakushukuru kwa mtoto, kwa mkunga Mteso, kwa bibi kizee mwenye mukene, kwa Bi Nandutu na vidole vyake.

Jumapili, 21 Septemba

Jinja. Wiki ya kwanza wodi ya wazazi imepita. Nilimwomba msimamizi mwenyewe, anianzishe nusu zamu. Nimezalisha watatu. Mwingine tulimpeleka hospitali kubwa kwa presha, kafika, yuko salama na mapacha wake. Jumatano mikono iligoma dakika moja, nikamwita mwenzangu akaja. Hakuna aliyenicheka. Bi Nandutu amesema nimwone mara moja kwa mwezi. Nitakwenda.

Leo nimefua, nimepika ndizi na njugu, nimekula. Nikajinyoosha kwenye mkeka ningoje adhana ya adhuhuri.

Nimelala bila ndoto, nimeamka jua liko upande wa pili wa nyumba. Shavu lina alama za ukili. Adhuhuri imenipita, mara ya kwanza tangu niwe msichana. Nimeinuka, nimetawadha, nimeilipa polepole.