Kabati la Babu Lenye Milango Mgongoni

Nyumbani kwa Emanuel Raber,
Wilaya ya Holmes,
Ohio.
Jumanne, 14 Oktoba 1986

Mpendwa Shangazi Drusilla,

Shikamoo. U hali gani huko Missouri, na Alvin na watoto hawajambo? Goti lako limepata nafuu tangu ulipoteleza kwenye barafu? Bibi huniuliza habari za goti hilo kana kwamba mimi ndiye ninayetembea nalo.

Sisi huku tu wazima, ila yeye mwenyewe. Nisikufiche, Shangazi, Bibi amedhoofu. Tangu mahindi yaanze kukauka shambani hatii kinywani zaidi ya vijiko vichache vya supu. Kila sahani inapowekwa mbele yake huuliza kama ni wewe uliyepika. Mama akisema siyo, Bibi hugeuzia uso dirishani. Anataka jambo moja tu: kula pai yako ya matufaha makavu huku akikutazama.

Najua unayakumbuka mazishi ya Babu. Nilikuwa mdogo, lakini naikumbuka ile pai ilivyokuwa ikifuka moshi. Ulimnyoshea Bibi, mikono yake ikawa imeshainuka, Baba akasimama katikati yenu. Nilitaka kuipokea mimi, kwa kuwa katazo la kupokea kitu mkononi mwa aliyetengwa na kanisa halitufungi sisi ambao hatujabatizwa, lakini Baba alinishika bega. Ukatandikiwa meza ya peke yako katika chumba cha kufulia, nawe ukaondoka bila kuonja kitu.

Siandiki haya ili kumlaumu. Baba ni shemasi, na ndiye aliyetumwa kukuletea habari ya kutengwa ulipoliacha kanisa letu lisiloruhusu magari ukahamia la wenye magari. Ila tangu mazishi yale hagusi pai ya matufaha makavu, hata ikiandaliwa Jumapili baada ya ibada. Husema inamchoma kifuani.

Sasa nikueleze kilichotokea. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yetu ya kuipokea ibada nyumbani. Kwa kawaida mabenchi hupangwa upande wetu wa nyumba, lakini kwa kuwa Bibi hawezi tena kutembea, Baba aliamua yaingie mpaka jikoni kwake, upande wa pili wa nyumba. Kwa hiyo Jumamosi Baba na Baba Mdogo Jonas walianza kutoa vyombo vyake, mpaka wakafika kwenye kabati la kuhifadhia pai, lile ambalo Babu alilimaliza majira ya baridi aliyofariki. Lilikuwa halijawahi kuondolewa ukutani.

“Hilo liacheni,” Bibi akasema.

“Mama, unalinda pai au unalinda panya?” Baba Mdogo Jonas akamtania. Bibi hakucheka.

Walilivuta. Shangazi, mgongoni palikuwa na milango! Miwili, yenye mabati yaliyotobolewa matundu kwa umbo la masuke ya ngano sawasawa na ya mbele, na bawaba bado zilikuwa na mafuta.

“Haya tazameni!” akasema Baba Mdogo Jonas. “Mzee uzee ulimzidi. Kabati lina nyuso mbili na halina mgongo!”

Baba alipitisha kidole kwenye bawaba. “Mama, hili ni la nini?”

“La chakula.”

“Mama.”

Bibi alijifunga vizuri shali yake. “Baba yako alitaka likae mlangoni, kati ya jikoni na baraza. Drusilla akija, aweke mkate upande wa barazani, mimi niutoe upande huu. Hapokewi mtu mkononi. Hali mtu meza moja na mwenzake. Akafa kabla hajalisogeza. Nami niliogopa kukuambia, kwa kuwa umekuwa shemasi kwanza, mwanangu baadaye.”

Baba akasema polepole, “Huko ni kumzunguka Mungu kwa bawaba.”

“Baba yako hakumzunguka mtu. Alilitii kanisa mpaka akazikwa. Aliacha upenyo tu, kama alivyouacha kwenye hayo mabati. Nzi asiingie, hewa ipite.”

Waliliweka kabati barazani. Baba akaenda karakana, akarudi na mbao, nyundo, na misumari mdomoni. Akaniita nimshikie ubao mgongoni mwa kabati, aizibe ile milango ya nyuma. Nilishika, Shangazi, maana nilifundishwa kutii, ingawa sikutaka. Msumari wa kwanza ulikuwa umeshasimamishwa gari la farasi lililobeba mabenchi ya ibada lilipoingia uani. Farasi wakaanza kusumbua, Baba akaitwa. Mbao zikabaki zimeegemea ukuta.

Kwa hiyo Jumapili kila mtu alilipita kabati, akaliona mbele na nyuma. Baada ya chakula Askofu Gideon Hostetler akasimama mbele yake. Akafungua milango ya mbele, akazunguka, akafungua ya nyuma, akainama kuchungulia. Upande wa pili mkewe alikuwa akikata mkate.

“Hewa inapita vizuri,” Askofu akasema. Akafunga, akaenda kutafuta kofia yake.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jioni ile Bibi hakutaka hata supu.

Jana nikitoka shule nilisikia nyundo tangu barabarani. Nilikimbia mpaka kofia ikaning’inia shingoni, nikijua nimechelewa.

Baba alikuwa ameung’oa mlango wa barazani. Kabati la Babu lilisimama mahali pake, na zile mbao nilizoshika ndizo alizozibia mapengo ya pembeni. Meza ndogo ilikuwa barazani, nyingine jikoni, na Bibi ameketi kwenye hiyo ya jikoni akichungulia kwenye masuke ya ngano.

“Na baridi hii, Emanuel, tutapitia wapi?” Mama akauliza.

“Tutazunguka.”

Kisha akaniambia bila kuinua macho, “Mwandikie shangazi yako. Mwambie mlango wa kushoto, upande wa barazani, unakaza. Auinue kidogo kabla ya kuvuta.”

Nikamwuliza ni pai gani nikuombe ulete. Alikusanya misumari yote kwanza.

“Anajua,” akasema. “Kubwa.”

Mama anakusalimu sana, na Baba Mdogo Jonas anasema uje na hamu ya kutaniwa. Bibi hakutuma salamu. Anasema atakupa mwenyewe. Jana jioni alimaliza nusu bakuli ya supu, lakini bado ni mwepesi mno nikimwinua.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe salama. Njoo kabla ya theluji, Shangazi, maana pale barazani sasa hakuna mlango mwingine, na Baba hataki kuurudisha ule wa zamani.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,
Lovina