Mashimo ya Kupotea

Jumatatu, 2 Machi
Tena Katindo, kambi ya jeshi, kupima mwinamo wa ardhi. Jua kali. Fabrice, mwenzangu wa kazi, anashika kamba, mimi naandika. Kambi yote ni mabati, na maji ya mabati hayo yanapita ukutani na kuingia mtaa wa chini. Mtaa wa mama yangu. Mpango wetu ni rahisi: mvua inywewe palepale inapoanguka. Mitaro midogo yenye majani kati ya nyumba, na mashimo yaliyojazwa mawe ya volkeno. Mafundi huyaita kwa Kifaransa puits perdu, shimo la kupotea, kwa sababu maji yanapotelea ardhini.

Alhamisi, 5 Machi
Shingo inauma kwa kuchora. Jumamosi Fabrice ndiye atakayewaeleza wake wa askari. Ana mdomo mtamu. Mimi hukasirika upesi. Namwamini. Ndiye aliyetusimamia kwenye ndoa yetu.

Jumamosi, 7 Machi
Fabrice alisimama akasema, "Bamama, tutachimba mashimo ya kupotea." Basi. Hakuongeza neno. Kupotea! Ndani ya kambi ya jeshi! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Ni nani atapotea mule ndani?" Wakaanza kuondoka. Nikapiga kelele kwamba ni maji, ni mvua tu. Nani amsikilize mwenye kupiga kelele? Koloneli, mkuu wa kambi, akasema hataki kusikia tena habari za mashimo.
Nilimwambia Fabrice ni kosa la tafsiri, tutarekebisha. Aliitikia kwa kichwa. Hakunitazama.

Jumanne, 10 Machi
Si kosa. Koloneli amekubali mfereji wa beto, yaani zege, mmoja, mpana, moja kwa moja hadi ukutani. Mchoro ni wa Fabrice. Atakayemwaga beto ni shemeji yake. Na mchoro ulikuwa tayari kabla ya mkutano! Alikuwa anashika kamba yangu huku akipima mfereji wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.
Nilimfuata nyumbani kwake. Akaniambia, "Dada, usikasirike, kazi ni kazi." Nikamuuliza maji yataenda wapi. Akaanza kufunga kamba za viatu.
Namchukia. Naandika tena: namchukia.

Jumapili, 17 Mei
Mvua tangu misa. Mfereji umekwisha, na unafanya kazi vizuri sana. Kambi kavu. Huku chini, kwa mama, tumepandisha gunia la maharagi juu ya meza. Mama amekaa kitandani, miguu juu, anachambua sombe, majani ya muhogo. Maji yamefika kwenye ukingo wa kitanda.
Simu ikalia. Ujumbe wa Fabrice: "Poleni na mvua."
Niliusoma nikiwa nimesimama majini. Mama akauliza ni nani. Sijawahi kumwambia mfereji ni wa nani. Nikasema ni Fabrice, anatusalimia.
"Ule mutoto ni muzuri," akasema. "Umurudishie salamu."
Nimemrudishia.