Yule Ndege Ananijua

Kilombero, 9 Machi 1994

Mdogo wangu Gwamaka,

Ugonile. Mimi mzima, ila kiganja cha kulia kimechanika kwa kukata miwa. Mpunga wa Ndandalo unaendeleaje?

Uliniandikia kwamba paka amemla kasuku wangu mdogo wa kijani, nikasikitika. Sasa Lucy, mchumba wangu, ameniandikia kwamba umempelekea ndege wa kijani, ukamwambia, "Nimemzoesha mwenyewe. Kaka ameshakusahau."

Kumzoesha unakujua wewe? Wiki tatu niliingiza mkono tunduni na ulezi kiganjani, bila kuutikisa, nikipiga mluzi uleule, mpaka akapanda kidoleni. Wewe ulikuwa mlangoni ukinicheka: "Kaka, umeoa ndege."

Pasaka nakuja. Tutakutana uani kwa baba yake Lucy, wewe upande huu, mimi upande ule, wazee wakitazama. Lucy atafungua tundu. Wewe ndiye utakayemwita kwanza, umwite mpaka uchoke. Kisha mimi nitapiga mluzi.

Na usihangaike kumkata mabawa. Atakuja kwa miguu.

Ndaga, asante sana, kwa kumlisha.

Kaka yako,
Hezroni