Jumapili Nilizotembezwa kwa Jina Lako

Neustadt,
Bremen,
13 Machi 2017

Mpendwa mdogo wangu Wiebke,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata. Mama alikuwa akisema barua isiyo na salamu ni sawa na kuingia kwa watu bila kubisha hodi. U hali gani huko Valparaiso? Goti lako linaionaje ile milima ya kupanda kila ukienda dukani? Mwanao Matías ameshapata kazi? Na usiku je, unalala? Najua tangu mumeo Aurelio atutoke kitanda kimekuwa kipana. Nakuombea usingizi kila siku, na hilo nakwambia mapema ili ulikumbuke utakapofika huko chini mwa barua.

Sisi hatujambo. Mgongo wangu ni uleule, umezoea kiti cha dereva wa tramu na haujakubali kwamba nimestaafu. Binti yetu Frauke na watoto wake ni wazima. Shangazi Almuth bado anakula mkunga wa kukaushwa kwa moshi kinyume cha amri ya daktari. Daktari wa kwanza aliyemkataza tulishamzika.

Shemeji yako Harm ni mzima kupita kiasi, na huyo ndiye aliyenishikisha kalamu.

Barua yako ya kusema utakuja Mei, tusherehekee pamoja miaka yake sabini, ilifika kabla ya Krismasi. Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza, "Umeshamwandikia mdogo wako kwamba tunamngoja?" Nami najibu, "Kesho." Wiebke, sijui kama nakungoja. Nimekaa mezani mara nyingi niandike "karibu" na kalamu ikaishia kwenye tarehe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji, wewe hata ndege hujapanda, nimeshaugua.

Ugonjwa wenyewe ni wivu. Nauandika wazi nisije nikasingizia mafua.

Ilianza hivi. Harm aliona kwamba miaka arobaini ya kukaa mbali imekufanya mgeni. Ulikuja mara moja tu kumzika mama, na siku zile mvua haikutuacha tutoke nje. Kwa hiyo ni lazima uonyeshwe mji upya, na wa kukuonyesha ni yeye. Sasa, mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuonja kahawa hafanyi jambo bila kulijaribu. Anachota kijiko, anavuta kwa kelele, anatema, anawaza, anachota tena. Basi Jumapili moja ya Januari akaniambia, "Gesine, vaa koti. Leo wewe ni Wiebke."

"Mimi ni nani?"

"Wiebke. Umeshuka kwenye ndege jana, hujui kitu. Nataka nione tupite njia ipi."

Nikacheka, nikavaa koti. Nilidhani ni mchezo wa siku moja. Kumbe nilikuwa nimeajiriwa.

Tukaanzia uwanja wa soko. Unajua nimepita pale na tramu namba tatu miaka na miaka, na kwa kuwa niliikaribia ile sanamu ya shujaa Roland kutoka nyuma, namjua zaidi kwa mgongo. Harm hakuwahi kuniambia shuka tumtazame. Lakini kwa ajili yako alinishika mabega, akanizungusha taratibu mpaka jua likawa kwenye uso wa lile jiwe, akasema, "Hapa. Hapa ndipo atakaposimama." Kisha akanitazama usoni, aone kama nimeguswa. Mwanamume huyu anaweza kufumba macho akatofautisha kahawa ya Moshi na ya Gwatemala, lakini nikikata nywele anaambiwa na jirani. Uso wangu mara ya mwisho kuutazama namna ile ni siku nilipojifungua.

Akataka nisugue goti la Roland, maana alisuguaye hurudi Bremen. "Wiebke inabidi alisugue sawasawa," akasema. Mimi nilinyoosha mkono nikapitisha kidole tu. Sijaenda popote, nitarudi kutoka wapi?

Kwa sanamu ya yule punda wa shaba, ashikwaye miguu kuombwa bahati, na wenzake, mbwa, paka na jogoo, nilifanya makusudi. Nikamshika mguu kwa mkono mmoja.

"Mikono miwili, Wiebke!" Harm akapiga kelele. "Mkono mmoja ni punda kumsalimu punda mwenzake!"

"Mwache anisalimu," nikamjibu. "Nyumbani kwangu hakuna anayenikumbuka kwa salamu."

Watalii waliokuwa wakingoja zamu ya kupiga picha wakacheka bila kuelewa. Harm hakucheka. Alikuwa anafikiri kama wewe utataka kupigwa picha ukiwa upande wa kulia au wa kushoto.

Na lile jiwe lenye msalaba karibu na Kanisa Kuu, ambapo watu wa Bremen hutema mate kumlaani yule mwanamke wa zamani aliyewalisha jamaa zake sumu, hapo napo aliniharibia. Nilipokusanya mate akanizuia mkono. "Wiebke hatatema. Wiebke ana ustaarabu." Nikatema, Wiebke. Nilitema kwa niaba yangu na kwa niaba yako, na yaliyobaki nikayatema kwa niaba ya ustaarabu.

Unaona lakini, mpaka hapo nilikuwa bado naweza kutania. Kilichonichoma ni mtaa wa Schnoor.

Jumapili hiyo kulikuwa na barafu nyembamba juu ya mawe. Kwenye kile kichochoro ambacho watu wawili hawapishani, Harm alitangulia akaninyooshea mkono nyuma bila kugeuka. Nikaushika. Tukaenda hivyo, mkono kwa mkono, hadi mbele ya nyumba moja ndogo inayouza vikombe na pipi za mnanaa. Akaonyesha dirisha la juu. Akasema hapo ndipo bibi yake alipopanga chumba baada ya vita, wakati Schnoor ilikuwa mtaa wa mafukara na mvua inaingia ndani. Wajukuu wote walilala kitanda kimoja, na yeye kwa kuwa mdogo aliwekwa upande wa miguuni. Akasema asubuhi walipelekwa gatini kuokota makaa ya mawe yaliyodondoka kutoka kwenye mashua za mtoni, na kwamba mpaka leo akinusa moshi wa makaa anamwona bibi yake.

Wiebke, nimeolewa na mtu huyu tangu mwaka sabini na nane. Hilo dirisha sikulijua.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" nikamuuliza.

Akashangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji hulowesha. "Hukuuliza. Wiebke atauliza. Wiebke anapenda kuuliza."

Nikaachia mkono wake. Tulirudi nyumbani tukitembea pande mbili za barabara, na jioni hiyo supu niliyompa ilikuwa na chumvi ya watu sita. Roho iliniuma, siwezi kukuficha. Nilikuchukia kuanzia saa ile mpaka asubuhi, kisha nikakumbuka ulivyonishonea gauni langu la harusi, nikapunguza.

Maana hili si la jana. Unakumbuka Mei ile Harm alipofika thelathini bila mke, na desturi ya mji ikamkuta. Wasimulie wajukuu wako, watadhani unatia chumvi: marafiki zake walivyomvika kofia ndefu, wakamwaga vifuniko vya chupa juu ya ngazi za Kanisa Kuu, na yeye na ufagio wake akafagia huku wao wakimwaga tena, mpaka atokee mwanamwali wa kumbusu na kumkomboa. Mimi nilikuwa mchumba wake. Busu lile lilikuwa langu. Lakini aliyetakiwa kunipokea zamu alichelewa, na nilipofika mbio nikiwa na sare, mfuko wa tiketi unanipiga mapajani, wewe ulikuwa umeshamhurumia. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulikuwa umeloa. Watu wanapiga makofi. Na Focko, rafiki yake yule mwenye mdomo, akaniita kutoka juu, "Umechelewa, Gesine! Na hata ungewahi, tunataka mwanamwali!" Mji mzima ulicheka. Nami nilicheka, ningefanya nini? Mpaka leo sijapata kumbusu Harm kwenye ngazi zile.

Sasa jana akanipeleka kwenye ngazi. Nilijua tutafika huko. Alikuwa amepanga maneno, na kabla ya kuyasema alivua kofia. Akasimama ngazi moja chini yangu, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa ndipo nilipokuwa nimechoka, nimeaibika, na mvua inanyesha, ukaja ukanitoa. Sikupata kukushukuru. Mwaka uliofuata ukapanda meli na Aurelio."

Wiebke, nilikuwa msichana tena. Mwanamke wa miaka sitini na nne, mwenye viatu vya daktari! Aliyasema vizuri mno. Nilikuwa nimeshainama kidogo kuelekea usoni pake nilipokumbuka kwamba maneno yale hayakuandikiwa mimi. Nikajiweka sawa, nikasema nina baridi.

Tukashuka kwenye baa ya mvinyo iliyo chini ya ukumbi wa mji. Harm amekwishakuwekea kimoja cha vile vibanda vya mbao vyenye mlango, na alitaka kukijaribu. Tukaketi. Akavuta mlango aufunge, mhudumu akauzuia kwa mguu. "Samahani, mzee. Sheria ya humu ni ya kale, unafungwa wakiwa watatu. Wawili, unabaki wazi."

"Mei tutakuwa watatu," Harm akamwambia kwa fahari.

Nikajihesabu. Katika hao watatu, wa kuongezwa nilikuwa mimi.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Harm alikuwa anaonja mvinyo wake kwa kelele zilezile za kahawa. Nikaweka kiwiko mezani kama unavyoweka wewe, nikamuuliza, "Shemeji, na dada yangu Gesine? Yukoje siku hizi?"

Mchezo ulikuwa umemwingia. Hakusita. "Gesine mzima," akasema. "Mgongo tu. Gesine ni mtu mwema."

"Mwema. Basi?"

Akazungusha glasi. "Unajua, Wiebke, mimi napenda kuonyesha vitu. Kazini walikuwa wanakuja vijana, nawaambia nusa hiki, onja kile. Sasa sina wa kumwonyesha. Gesine ameuzunguka mji huu tangu ujana wake, anaujua wote. Mtu anayejua kila kitu utamwonyesha nini? Nilianza kuona haya kumsumbua."

"Anajua vituo vyake tu, shemeji," nikasema. "Kituo hiki, kituo kile, mlango wazi, mlango funga. Hakuna aliyewahi kumshusha."

Harm akaacha kuzungusha glasi. Akanitazama, na safari hii hakuwa anatafuta kama mtu mwingine ataguswa.

"Gesine?" akasema.

"Ndiyo, mume wangu. Mdogo wangu ametoka kidogo."

Alihama upande wake wa meza akaja kukaa upande wangu, akagonga kichwa kwenye ubao wa kibanda akitafuta nafasi. Mhudumu akapita, akatukuta wazee wawili tumebanana benchi moja na benchi la pili tupu, akatuuliza kama kuna mwenzetu bado anakuja. Harm akasema hapana.

Basi leo nimeshika kalamu. Sikiliza, mdogo wangu, na usikasirike. Njoo. Tiketi usiirudishe. Chumba cha Frauke nimekitandika, na nitakupikia kila ulichokosa huko. Lakini atakayekutembeza Bremen ni mimi. Harm atabaki nyumbani anamenya viazi. Ameshaambiwa, amenuna, na ataendelea kununa mpaka utakapoondoka. Utaonyeshwa mji vibaya. Nitasahau miaka ya majengo, nitakusimamisha jua likiwa nyuma ya sanamu, na kwenye ngazi za Kanisa Kuu tutapita upesi kwa sababu nitakuwa na haraka. Nivumilie. Na ile shukrani unayomdai uipokee, unaistahili, atakupa sebuleni mchana kweupe, mimi nikiwepo.

Usidhani nakushuku. Ninalosema nalisema kwa kuwa limenipata. Jumapili zote hizi nimekuwa wewe: nimeshikwa mabega, nimevushwa vichochoro, nimeonyeshwa dirisha. Najua mwanamke huwa katika hali gani akifika mwisho wa njia hiyo, na wewe ni mjane, na usiku hulali. Nimempenda tena mume wangu, Wiebke, nikiwa na jina lako. Niachie nimalizie kwa jina langu.

Msalimie sana Matías na mkewe, na umbusu binti yao Inge mdogo mashavu yote mawili. Frauke anakusalimu. Shangazi Almuth anasema uje na sweta, Mei ya huku umeisahau. Harm anakusalimu pia, na salamu zake nimezipunguza kidogo kabla ya kuzitia kwenye bahasha. Mungu akushike mkono angani, akutue salama, na akurudishie usingizi wako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na nikuoneaye wivu hata ukishatua,

Gesine