Baba atahutubia wazazi kuhusu pesa ya watoto, nami nalipia maandazi kwa misumari

Shangazi Rosina, shikamoo.

Naandika nikiwa nimejificha stoo nyuma ya mifuko ya saruji, ukiona mwandiko unapanda na kushuka ni kwa sababu hiyo na kwa sababu ya woga, maana mimi ni mtu wa aibu sana, hata mwalimu akiita jina langu asubuhi naitika kwa sauti ndogo mpaka rafiki yangu Stumai anarudia kuitika kwa niaba yangu nisije nikaandikwa mtoro. Nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu hapa Sumbawanga, na baba yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Majengo.

Shida yangu ni pesa ya kwenda nayo shule. Baba hatoi. Si kwamba hana, wala si mkali, baba ni mpole, ila tangu tukiwa wadogo ukimwomba pesa anacheka na kukuonyesha duka zima kwa mkono, anasema, "Nikupe pesa ya nini, mama? Duka lote hili ni lenu. Ukitaka kitu si unachukua." Sasa Shangazi, duka lenyewe lina misumari, bawaba, vitasa, rangi na koleo, hakuna hata biskuti.

Shule ya msingi nilisoma ya Kiingereza na chakula kililipiwa na ada humo humo kwa hiyo sikuona tatizo, tatizo limeanza sekondari, saa ya mapumziko, na baridi yetu hii unaijua, kila mtu ameshika andazi la moto na mimi nimeshika mikono yangu mwenyewe, halafu wananisema, "Baba yake ana duka na yeye anakula kwa macho, hawa ndio matajiri bahili." Aliyekuwa ananinunulia ni Stumai, ambaye kwao wanafuga ng'ombe huko Muze na amepanga chumba na dada yake, na nilikuwa naona aibu kuliko njaa yenyewe.

Ndipo siku moja Mama Evodia, anayeuza maandazi getini, akaniuliza, "Wewe si wa duka lile la kona? Misumari ya inchi nne mnauzaje siku hizi?" Anajenga kijijini kwao Kate, kidogo kidogo, kila akipata. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia nitamletea. Kesho yake nikabeba misumari kwenye mkebe wa hesabu, akanipa maandazi mawili na chai, na hivyo ndivyo tunavyoishi tangu muhula uliopita. Baba akienda msikitini Alasiri ananiachia duka, basi nachukua. Inchi nne ni maandazi, misumari ya bati ni chai na kashata, na siku ya kuzaliwa kwa Stumai nilitoa bawaba mbili tukala chipsi. Mama Evodia anaamini baba anajua, anasema mzee ni mtu wa watu, anawaelewa wanaojenga kwa shida, na mimi sikumkatalia.

Ingeishia hapo ningenyamaza. Lakini Madam Lydia wa Kiingereza alitupa insha, je, mtoto apewe pesa ya mfukoni, na mimi nikaandika kwamba baba ametulea bila pesa na ndiyo maana tumejifunza kuridhika. Kwa Kiingereza uongo hauniumi sana, ni kama mtu mwingine anaongea na mimi nimekaa pembeni nasikiliza. Nikawa wa kwanza. Madam akaisoma darasani, akampelekea mkuu wa shule, mkuu akampigia baba simu, na Jumamosi hii kwenye kikao cha wazazi baba ndiye anayetoa mada: lini na kwa namna gani umpe mtoto pesa. Jibu lake ni usimpe.

Baba ana furaha ambayo sijawahi kuiona. Kanzu imeshapigwa pasi. Anafanya mazoezi kwa wateja, mtu amekuja kununua kufuli anaambiwa, "Huyu binti yangu unayemwona hajawahi kuniomba hata shilingi mia," na mteja ananitazama kwa heshima, na mimi nainama kupanga vitu ambavyo vimeshapangwa.

Halafu jana Mama Evodia akanipa andazi la nyongeza, akasema, "Mwanangu, kenchi za paa zimesimama. Msalimie sana mzee. Jumamosi nitakuwepo, si unajua Silvana wangu yupo kidato cha kwanza, nitasimama nimshukuru mbele ya wazazi wote."

Nikamwambia, "Haina haja, mama."

"Haina haja kwa nini? Mtu amekufaa, unasimama unasema." Kisha akashusha sauti, "Na muulize, kwenye bati hatuwezi kusaidiana?"

Shangazi, nimwambie baba sasa aaibike nyumbani, au ninyamaze aaibike shuleni, au niumwe Jumamosi? Na je, huu ni wizi kweli, wakati mwenyewe alisema tuchukue?

Ni mimi, binti wa Majengo.

SHANGAZI ROSINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza toka huko stoo, vumbi la saruji halifai kifuani.

Naanza na swali lako la mwisho, ambalo ulitaka nilijibu kwa upole. Baba alisema mchukue. Kama ungeamini hivyo, ungechukua akiwa amekaa kwenye kiti chake. Wewe unasubiri ainuke kwenda kuswali. Jibu unalo. Na Mama Evodia umemkosea zaidi, maana ameshapandisha paa lake juu ya ukimya wako, na sasa anataka kusimama hadharani amshukuru mtu kwa wema ambao hakuufanya.

Ila sikutwishi mzigo wote. Ulinyimwa kitu kidogo ambacho wenzako wote walikuwa nacho, ukafanya kile unachokiona kwenu kila siku: ukapeleka bidhaa kwa anayeihitaji. Mzee anajisifu kwamba hakulea mtoto wa pesa. Ni kweli, amelea mfanyabiashara, tena wa magendo.

Na nyinyi wazazi msijifanye hamsomi hapa. Lini umpe mtoto pesa? Siku anapoanza kushinda mbali na jiko lako. Kwa namna gani? Kidogo, siku moja ya wiki mnayoijua wote wawili, mkononi mwake, bila hotuba. Ikiisha Jumanne usiongeze, wala usimhoji kila senti. Acha akosee na pesa ya maandazi, akiwa bado jioni anakula kwako. Kumwambia mtoto duka lote ni lake ni njia ya kistaarabu sana ya kutompa kitu.

Sasa wewe. Kuumwa futa. Ukiumwa wewe, Mama Evodia haumwi, atasimama tu. Na usitegemee kujificha: majina nimeyabadilisha yote, lakini misumari nimeshindwa kuibadilisha, na magazeti Majengo yanasomwa juu ya kaunta. Ukichelewa, baba atazisikia habari zako kutoka kwa mnunuzi wa kufuli.

Ongea naye leo hii unaposoma, kabla ya mtu mwingine, mkiwa wawili. Maneno nakupa, kwa kuwa najua yatakukimbia: "Baba, ile insha haikuwa kweli. Nimekuwa nikitoa misumari dukani kumlipa Mama Evodia maandazi, na yeye anadhani unajua." Yaseme kwa Kiswahili, ili iwe ni wewe unayeongea. Akikasirika, vumilia. Akinyamaza, vumilia zaidi, na usitoke chumbani. Hotuba ni yake. Aifute au aibadilishe mwenyewe. Wewe usimshauri.

Ukitoka hapo nenda getini, umwambie Mama Evodia yale yale, ili yeye na mzee wamalizane wao kama watu wazima. Likizo utakaa dukani bila malipo mpaka baba aseme basi.

Na pesa ya wiki uiombe, mwanangu, siku hiyo hiyo, hata kama itaonekana huna aibu. Ukiiacha kwa sababu ulifanya kosa, muhula ujao utakuwa stoo tena. Mwambie kwamba saa ya mapumziko unasikia njaa. Akikuuliza unataka kiasi gani, usije ukasema, "Chochote tu, baba." Taja kiasi, kisha unyamaze mpaka ajibu.