Kwa Mashimba, Kipa Aliyevutwa Mikono na Watoto

Kitendawili! "Tega," ungeniitikia, mikono yako ingali na masizi ya kuchomelea. Basi natega: nyumba yangu haina ukuta wala paa, ni mlango mtupu, na mwenyewe hataki mgeni. Ni goli, mwanangu, na mwenyewe ni wewe, kipa wetu. Mwaka umetimia tangu uanguke humo.

Hukujua kutegua hata kidogo. Ukishindwa ulinipa mji. "Chukua Sengerema, mama." Kesho yake, "Haya, chukua na Kigongo." Ulilalamika kwamba nimekubakishia karakana yako ya Buzuruga tu. Glovu zako ulizianika kwenye kamba moja na khanga zangu, nikikufokea unasema, "Ziache, zinajifunza upole."

Timu yenu ya wazee, vitambi mbele, ilicheza kwa ajili ya watoto yatima wa kituo kimoja cha ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Kiingilio hakikuwa fedha. Mtu alikuja na mche wa sabuni, daftari au unga. Watoto waliketi nyuma ya goli lako, na katikati ya mchezo ulikuwa ukijibwaga chali, unajifanya umekata roho, huinuki mpaka waingie wakuvute mikono. Watu walicheka hadi machozi, na beseni la sabuni likajaa.

Siku ile ulianguka mpira ukiwa mbali.

"Kipa kashakufa! Leteni watoto!" watu wakapiga kelele. Watoto wakaingia mbio. Yule binti Kija akakuvuta kwa nguvu zake zote. "Mjomba, leo umekula ugali wa nani? Mbona mzito hivyo!" Glovu ikachomoka mkononi mwako, akaanguka nayo. Tukazidi kucheka, Mashimba. Hata mimi nilipiga vigelegele. Tulinyamaza pale Obedi, beki wako, aliyekuwa amepiga magoti kando yako, alipoita gari kwa sauti ya kilio. Hukufika hospitali ukiwa hai.

Msibani Kija alinishika khanga. "Bibi, alitusikia tukimcheka?" Mimi mtega vitendawili nikamkumbatia tu.

Tangu hapo watoto wamegoma kuja uwanjani. Wanasema wakicheka tena, mtu mwingine atakufa. Bila wao timu haikuwa na moyo wa kucheza, na huko kituoni sabuni imekwisha, wanaandika pembezoni mwa madaftari yaliyojaa.

Juma lililopita timu ilitaka kukuchezea mechi ya kumbukumbu, tukavuka kwenda kuwaomba watoto. Waliketi kama wenye matanga. Kija akauliza tena, "Alitusikia?"

"Wewe mtoto!" mlezi wao akamkemea. "Hata shikamoo hujatoa, umeanza maswali!"

Mkeo Tereza akasema, "Mwache. Na mimi nataka kujua." Akamgeukia Obedi, ambaye mwaka mzima alikuwa akituona njiani anakata kona. "Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa naye karibu."

Obedi akavua kofia, akaikunjakunja.

"Alisikia," akasema. "Nilianza kuwafukuza watoto, akanishika jezi. Akaniambia, 'Waache, Obedi. Waache wavute.' Nikawaacha, nikidhani ni mchezo wake uleule. Ndiyo maana gari lilichelewa, shemeji. Si kwa sababu yao. Kwa sababu yangu."

Wanaokukumbuka ni mimi mama yako, Justa, mkeo Tereza, wanao Rose na Jonathan, kaka yako Chenge, Obedi, ambaye Tereza amemwambia aendelee kumwita shemeji, na Kija na wenzake, watakaoketi tena nyuma ya goli Jumapili, kwenye mechi yako. Maadamu tungali tunapumua, mwanangu, hutasahaulika.